Leo Lazima Nimpige

Juzi nilisimama na simu mkononi pale Mto Luiche unapoingia ziwani, nikamkumbuka baba akiwa amelala kifudifudi kwenye matope yaleyale.

Baba alikuwa mpiga picha wa Ujiji, wa harusi na vitambulisho. Mchana ule wa kiangazi, nikiwa bado mdogo, alinipeleka kwenye matete, ambako upepo ulileta harufu ya matope na dagaa walioanikwa. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja tu, na hiyo alijiwekea mwenyewe.

"Leo lazima nimpige," alininong'oneza, akimwelekezea kamera korongo mwenye taji la dhahabu.

Mimi nilijua mtoto akipigwa hulia, na ndege akipigwa kwa manati hufa. Nikapiga yowe: "Ruka! Baba anakuua!"

Kundi zima likapaa kwa kishindo cha mabawa. Kamera ikalia kacha, ikachukua anga tupu.

Nilingoja kofi. Baba akacheka hadi akakaa majini.

"Kumbe nimezaa wakili wa ndege! Usilie, mama. Watarudi tu, hapa ndipo kwao."

Chuoni nilijifunza kudai ushahidi wa kila kitu, lakini maneno hayo sikuwahi kuyahoji. Juzi matete hayakuwepo tena. Mahali pake palikuwa na majaruba ya mpunga hadi ukingoni.

Baba, ambaye sasa haoni na alijua nimekwenda kumtafuta korongo wake, akanipigia simu.

"Umempiga? Basi nisimulie alivyo."

Safari hii sikuwa nimepiga yowe tangu asubuhi, na hakuna ndege aliyeruka.