Kovu Alilolifuta Fundi wa Picha

Fundi wa picha pale mjini Mpanda alimfanya mke wangu mzungu. Siongezi chumvi. Nilimpelekea picha ya marehemu aichape kwenye kigae cha kaburi, akanionyesha kwenye kioo cha mashine yake mwanamke mweupe kama kamwagiwa unga wa muhogo, kavalishwa gauni ambalo hakuwahi kuwa nalo, nyuma yake maporomoko ya maji. Kovu la shavuni halipo.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si mama huyo, mzee wangu. Nimemsafisha tu."

"Kwani alikuwa mchafu?"

Akacheka. Akasema marehemu wote anawatoa hivyo, wanaume anawavalisha suti na tai, na hakuna aliyewahi kulalamika. Hapo hakudanganya. Kule kijijini kwetu Kasansa nimezika wachunga ng'ombe wenzangu waliokufa hawajawahi kumiliki soksi, na wote kwenye vigae vyao wamefunga tai. Kuna mmoja tulichunga naye miaka mingi, nikapita mbele ya kaburi lake bila kumtambua. Nikadhani ni la diwani.

Mimi nikasema hapana.

Sasa ugomvi ukaja nyumbani. Tangu mke wangu afariki nakaa hapa mjini kwa binti yangu, ambaye ni mwalimu. Ndugu walikuwa wamepanga kukutana Kasansa Jumamosi ya wiki iliyofuata tulijengee kaburi, na kigae lazima kiwepo siku hiyo, maana kinabandikwa saruji ikiwa mbichi. Dada wa marehemu, shemeji yangu, alikuwa amekuja mapema kusaidia maandalizi. Yeye picha ya fundi aliipenda.

"Amependeza," akasema. "Wewe shemeji unataka nini zaidi?"

"Nataka mke wangu."

"Na hilo kovu alikuwa analifunika na kanga mbele za watu. Unataka kumuaibisha mpaka kaburini?"

Nikaona nimwambie. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko umri wa binti yangu. Kovu lile ni la pembe. Tulipohama na ng'ombe kutoka kaskazini, mwaka wetu wa kwanza Kasansa (na mwaka ule tulikula viazi mpaka mimi hadi leo kiazi nakitazama kwa hasira, lakini tuache hayo), kulikuwa na ng'ombe aliyezaa kwa mara ya kwanza, hataki kukamuliwa. Mke wangu akainama kukamua, mimi nikashika kamba. Nikaiachia ili niwashe sigara. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kupamba. Kwao akasema ameanguka kwenye jiwe.

Shemeji aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Basi wewe ndiye wa kwanza kutakiwa kulifuta."

"Ndiyo maana silifuti. Picha naitengeneza mwenyewe."

"Kwa darasa lako la tatu?"

"La pili," nikamrekebisha. La tatu niliingia siku chache tu, mzee akanitoa nikachunge.

Kompyuta ya binti yangu iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Picha ilikuwa humo, aliipiga kwa simu: mama yake kasimama zizini, jua liko nyuma yake, uso umeingia giza. Kazi ilikuwa kuutoa uso kwenye giza, na kumtoa jirani aliyejipenyeza pembeni. Jumapili binti akanikalisha, akanishikisha kipanya.

"Baba, picha yenyewe usiiguse. Fanya nakala, uweke juu yake. Ni kama umeifunika na nailoni, unachora kwenye nailoni. Ukikosea unatoa nailoni, mama yuko palepale chini."

Hilo nikalielewa mara moja kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Maneno ya mle ni ya Kiingereza, mimi nikashika vitufe kwa sura zao: mkasi, brashi, ndoo ya rangi. Jirani nikamkata kwa mkasi. Siku ya kwanza niliondoka na bega la mke wangu pia.

Jumatatu binti yuko kazini, nikashinda pale toka asubuhi hadi adhuhuri. Bega likarudi. Nikafunga, roho nyeupe. Wakati wa kufunga mashine ikauliza kitu, nikajibu kwa kitufe cha kukataa, nikidhani inauliza kama nataka kuendelea. Mimi maisha yangu ni zizi: jioni unafunga mlango, asubuhi ng'ombe wako wote ndani. Nani anaulizwa kama anataka ng'ombe wake wabaki? Jumanne nafungua, jirani huyo hapo, anacheka.

"Studio wangekuwa wamemaliza," shemeji akasema kutoka jikoni.

Nikaanza upya. Tena nakuambia, mara ya pili mkono ulikuwa mwepesi. Ila mwanga ndio ulinitia aibu. Kuna kijiti unakisogeza kulia, uso unang'aa. Nikasogeza, akapendeza. Nikasogeza tena. Nilipoegemea nyuma nitazame vizuri, ni yule yule mwanamke wa unga wa muhogo, na kovu limemezwa na mwanga. Nimefanya kwa mkono wangu kile nilichomgombeza fundi. Nikarudisha kijiti kushoto kidogo kidogo, mpaka weusi wake ukarudi na kovu likakaa mahali pake. Safari hii nikaijibu ile mashine inavyotakiwa.

Fundi alipoiona akakunja uso. "Mzee, nikichapa hivi watu watasema sijui kazi."

"Waambie ni kazi yangu. Chapa. Usiguse kitu."

Nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza.

Jumamosi kigae kikabandikwa. Ndugu wengine wakaguna, mmoja akauliza kama hela za studio zimetushinda. Niliacha wagune. Shemeji alisogea, akainama, akafuta vumbi la saruji kwa ncha ya kanga yake. Alikaa hapo muda.

"Mimi bado sijaipenda," akasema. "Ila pua umeipatia."

Pua sikuigusa kabisa.