Bahasha ya Mtwazi

Hakuna jambo la ofisi linaloweza kunishangaza mimi. Nilimwambia hivyo katibu wa kijiji juzi, aliponikuta dukani kwangu hapa Kagoma nimekaa juu ya gunia la chumvi. Chumvi ndiyo iliyobaki, maana sabuni na sukari siku hizi zinakuja kwa mgao, na mgao unakuja ukitaka. Alikuja kuniomba nimsaidie kupata nakala ya kanuni za vijiji, zile zilizochapwa na serikali. Ameandika wilayani, wilaya imemjibu aandike upya. Watu wamemwambia kwamba katika Muleba nzima ni mimi ninayejua njia ya kitabu cha serikali, kuanzia kwa mpiga chapa hadi mezani kwa mtu.

Wamesema kweli. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nilibeba magunia ya kahawa mgongoni, nikanunua baiskeli, nikasafirisha ndizi hadi Bukoba mpaka baiskeli ikazaa lori. Nina vyumba vya kupangisha Kashai, mjini Bukoba. Sikupewa na mtu. Lakini njia ya vitabu hivyo naijua kuliko waliosoma hadi ng'ambo, na nimeijua kwa sababu ya kibanja cha mama yangu, shamba lake la migomba. Nilimwambia katibu akae. Nilimsimulia kwa uchovu, na kwa uchovu uleule naandika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Machifu walikuwa wameshaondolewa, ila viti vyao bado vilikuwa na joto. Sisi tuliishi kwenye shamba la nyarubanja. Zamani mukama, chifu mkuu wetu, akimpenda mtu wake alimkatia nchi pamoja na watu waliomo. Aliyepewa ni mtwazi. Waliomo ni watwarwa. Mtwarwa analima kibanja chake, anakula ndizi zake, lakini kila mwaka anampelekea mtwazi malipo yake na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba yangu alizaliwa mtwarwa, akafa mtwarwa, akazikwa nyuma ya nyumba katikati ya migomba. Mama akabaki pale.

Siku moja redio ikasema serikali imepitisha sheria: unyarubanja basi, kibanja ni cha anayekaa. Redio yenyewe ilikuwa yangu, ya kwanza Kagoma, na watu walijaa barazani. Nikasimama juu ya kreti la soda nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kibuyu cha rubisi kitakachotoka nyumbani kwetu kwenda kwa mtu yeyote. Walipiga makofi. Nikawauzia soda.

Jioni mama akaniuliza, "Mwana wange, hayo umemwambia nani?"

"Nimewaambia wote."

"Na yeye mwenyewe umemwambia?"

"Atasikia."

Alisikia. Mwezi wa rubisi ukapita, na mtwazi akamshtaki mama yangu kwenye mahakama ya mwanzo: mjane amekataa desturi, basi atoke. Mimi nilikuwa na nyumba ya mabati kando ya barabara, yenye vitanda vya chuma. Nikamwambia mama kwamba hata tukishindwa atakuja kwangu alale kama malkia. Akanijibu, akimenya ndizi bila kuniangalia, "Sitalala mahali ambapo baba yako hayuko nyuma ya nyumba. Nikitolewa hapa, chimba shimo la pili kabisa, usipoteze petroli."

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa. Kibanja kikienda, mama anakwenda.

Mahakamani nilisimama upande wa mama nikamweleza hakimu habari ya redio. Hakimu alikuwa kijana wa shati jeupe, mpole. Akasema, "Mzee, hata mimi niliisikia. Lakini mahakama haihukumu kwa redio. Nahitaji sheria iliyochapwa."

"Basi isomeni."

"Hatujaletewa."

Nikamwambia nitainunua mimi, hata nikitakiwa kununua na mashine iliyoichapa. Karani wake akacheka. "Ukinunua ni kitabu cha mdaiwa," akasema. "Mahakama haisomi kitabu cha mdaiwa. Ni kama uje na mizani yako kupimia kahawa yako mwenyewe." Hapo alinipata, maana mizani naijua.

Kisha akanipa kanuni, nami nikazishika palepale kichwani. Ofisi ya serikali ikitaka nakala ya kitabu cha serikali hupewa bure, lakini iombe yenyewe. Iombe kwa barua yenye muhuri, iliyotiwa sahihi na mkuu wa ofisi, si na karani. Iseme inataka nakala ngapi na za kazi gani. Barua ipite wilayani, iende mkoani, mkoa ndio uandike Dar es Salaam. Na lazima itaje namba ya kitabu.

"Namba yake ni ipi?" nikauliza.

"Imeandikwa kwenye jalada."

"Jalada liko wapi?"

"Juu ya kitabu, bwana wa lori."

Kesi ikaahirishwa mpaka kitabu kipatikane. Mtwazi alikuwa ameketi na fimbo yake, kanzu safi, akamwamkia mama yangu kwa adabu wakati wa kutoka kana kwamba walikutana kanisani.

Sikungoja posta. Hakimu alipoandika barua nilimwomba karani anipe niipeleke mwenyewe, nikaitupa kwenye lori juu ya ndizi, nikaenda Bukoba. Wilayani wakaikataa. Barua ya serikali haibebwi na raia, wakasema, hasa raia mwenye kesi. Ikarudi nami Muleba, ikatiwa kwenye posta, ikaenda Bukoba peke yake. Kutoka wilayani kwenda mkoani, majumba ambayo watu wangeweza kurushiana chungwa, ikapanda posta tena. Ikajibiwa: haina namba. Mahakama ikaandika kwamba namba haijulikani kwa kuwa kitabu hakipo. Ikajibiwa: tajeni namba ya barua yenu ya kwanza. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila ilipoahirishwa mama alifunga kitenge chake, akatembea hadi mahakamani, akasikia tarehe mpya, akarudi. Alianza kukonda. Migomba ya nyuma ya nyumba aliipalilia kila siku hata pasipo na jani la kung'oa.

Nilipochoka kungoja nilikwenda mkoani, mkoa wetu wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, nikamwona karani wa machapisho. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu wa mtaa wa Bakoba, babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa laini hata ukitukanwa ulisikia kama umekaribishwa. Nilimwekea mkungu mlangoni, maana kwetu huingii kwa mtu mikono mitupu.

"Ndugu yangu," akasema, "mkungu huu mzuri, na kwa sababu ni mzuri utauondoa. Sasa niambie, nyinyi watu wa Kagoma mnatafuta kitabu gani hicho kinachonifanya niandike barua mpaka wino unikauke?"

Nikamwambia. Akanitazama.

"Mbona chenu mlishapelekewa? Nilikifunga bahasha kwa mikono yangu siku vilipotoka. Kila eneo nakala moja, bila kuomba."

"Mlimpelekea nani?"

"Ofisi ya mtwale. Nani tena?"

Mtwale alikuwa chifu mdogo wa eneo, chini ya mukama; nikamwambia ofisi hiyo serikali ilishaifuta. Akasema serikali iliifuta ofisi, lakini hakuna aliyemwandikia yeye kwamba imefutwa, kwa kanuni. Na aliyekuwa mtwale wetu, mwenye ofisi hiyo hadi mwisho, ni nani? Ni yuleyule mtwazi wetu. Kitabu cha kumnyang'anya shamba kilikuwa nyumbani kwake.

Nimesema hakuna kinachonishangaza. Nilikaa kwenye lori pale nje muda mrefu, ndizi zikiiva nyuma yangu.

Usiku huo sikwenda kwa mtwazi. Nilitaka kwenda na polisi. Mama ndiye aliyenizuia. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Hiyo mahakama imemwomba?"

"Imemwomba nini? Yeye ni mwizi."

"Mtu aliyeletewa kitu si mwizi. Wewe ulimpigia kelele juu ya kreti. Nani amekwenda kwake akamwomba?" Akanipa panga. "Kata ndizi. Tutakwenda na rubisi."

Nikamwambia kupeleka rubisi ni kukiri kwamba sisi bado ni watwarwa. Akasema, "Unataka kushinda, au unataka mimi nilale hapa?"

Sasa kwetu rubisi inatengenezwa na wanaume, na mwanaume wa nyumba ile nilikuwa mimi. Nilivua viatu vyangu vya ngozi vya Kampala. Nikaingia kwenye mtumbwi wa pombe nikakanyaga ndizi mbivu kwa majani, kama baba, mpaka mapaja yakatetemeka. Tukachuja, tukatia mtama wa kukaanga, tukafunika kwa majani ya mgomba. Ilipoiva mama akajaza kibuyu kikubwa, akaziba mdomo kwa jani, akanitwisha.

"Twende kwa lori," nikasema.

"Rubisi haipandi lori."

Njia ya kwa mtwazi inapita mbele ya duka langu. Walikuwepo walewale waliopiga makofi. Mmoja, fundi baiskeli, akaniita, "Bwana wa redio, leo habari zinasemaje?"

Mwingine akamjibu kwa niaba yangu, "Muacheni. Kreti limepanda kichwani."

Mama alikuwa mbele yangu, hakugeuka. Mimi ambaye nilikuwa nikiwapa chumvi kwa mkopo nilipita pale povu likinidondokea sikioni.

Mtwazi alitupokea kwa heshima. Akatutolea kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Kibuyu kikakaa katikati yetu. Mama akapiga magoti akasema, "Waitu, tumechelewa. Tumeleta."

Mzee akaonja kwanza kwa mrija, akanywa. Kwa desturi ya kwetu mtwazi akishakunywa rubisi ya mtwarwa hawezi kumtoa mwaka huo, na kila aliyekuwa pale alijua. Aliponywa nikasikia mama akishusha pumzi. Halafu mzee akanigeukia. "Aliyekanyaga ni nani? Ni kali kidogo."

"Ni mimi, waitu." Neno hilo la kumheshimu bwana sikuwahi kumwambia mtu tangu ninunue lori.

"Baba yako alikuwa na mguu mwepesi," akasema.

Mama akaomba. Akasema amesikia kuna kitabu cha serikali kilichopita hapa, na mahakama inakitafuta, na yeye ni mzee, angependa kujua atazikwa wapi. Mzee akaweka mrija chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha magome ya mti, kile cha kufungia vitu vya heshima. Ndani yake kulikuwa na bahasha ya kahawia yenye nembo ya serikali. Haikuwa imefunguliwa.

"Nilijua kilichomo," akasema. "Nisipofungua, sijasoma. Na nisiposoma, sijaambiwa." Akaigeuzageuza mkononi. "Nilingoja anayekitaka aje akiombe. Sokoni hapaombwi kitu."

Nilikuwa nimechoka, na miguu bado ilinata utomvu wa ndizi.

Siku ya kesi alikuja nayo mwenyewe, akaiweka mbele ya hakimu ikiwa bado imefungwa, bahasha ya ofisi, si ya mdai wala ya mdaiwa. Hakimu akatia kisu, akatoa kijitabu chembamba, nilitegemea kitu kama Biblia. Akasoma kimya, akasoma kwa sauti, akamweleza mama kwa Kiswahili na karani akarudia kwa Kihaya: kibanja ni chake, hakuna wa kumtoa, rubisi ni hiari. Mama akamshukuru hakimu, kisha akamshukuru mtwazi, na kwa muda mrefu zaidi. Wakatoka pamoja wakizungumza habari za mvua. Aliishi pale mpaka mwisho wake, na amelala nyuma ya nyumba, karibu na baba. Na rubisi alimpelekea mzee kila mwaka, nikikanyaga mimi.

Nilipotaka kuondoka karani akaniita. Kijitabu kimeingia mahakamani, akasema, lakini mahakama haikukiomba hiki kwa barua, kiliombwa kingine. Kilichotumwa kwa ofisi nyingine hakiwezi kuchukuliwa bure, na ofisi yenyewe haipo ya kukitoa. Lazima kilipiwe kama kinavyouzwa kwa raia. Mzee alikuwa ameshasema yeye hakukiomba. Hakimu akatazama dirishani.

"Kile mlichoomba je?" nikamuuliza karani.

"Kitakuja."

Kilikuja kweli, wakati hakimu yule ameshahamishwa na vijiji vya ujamaa vimeanza, kikiwa kimelowa mvua, kikapokewa na mtu asiyejua ni cha nini.

Hayo yote nilimweleza katibu wa kijiji. Akaniuliza sasa afanye nini. Nikamwambia aende kwanza kwa kila mzee aliyewahi kuwa na ofisi hapa Kagoma, akae, atafune kahawa, aulize kwa upole kama hakuna bahasha. Akaniona nimezeeka vibaya.

Petroli siihesabu, wala viatu nilivyovaa tena baada ya kukanyaga, maana utomvu wa ndizi hautoki kwenye ngozi ya mtu wala ya kiatu. Nahesabu kile ambacho serikali ilinipa risiti yake, nayo karani aliiandika kwa jina la ofisi ya mtwale kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye bahasha. Mimi niliyetaka kununua mashine nzima, nilisoma bei kwenye jalada, nikatoa sarafu mfukoni: shilingi mbili na senti hamsini.