Nilinunua laptop kwa kuangalia GPU, ikanizimikia mbele ya mama wa bibi harusi

Wakuu, heshima zenu. Wa shikamoo nawapa shikamoo, wa mambo nawapa mambo.

Uzi huu nilipaswa kuuandika zamani, maana humu humu ndimo nilimoomba ushauri wa laptop, mkanishauri kwa nguvu zote. Naeleza yalivyokuwa, sitii chumvi. Majina ya watu nimeyabadilisha, mengine yote ni kweli tupu.

Kwa wasionijua, mimi ni dada wa Kakuyuni, naishi Malindi mjini. Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa kina mama.

Wa bara huwa hawaelewi hapo, kwa hiyo nieleze kidogo.

Huku kwetu, kwenye harusi za Kiislamu, kuna siku ya kupamba. Ni shughuli ya wanawake watupu. Bibi harusi anapambwa, anaketishwa jukwaani, anatazamwa. Mabuibui yanavuliwa, watu wanacheza chakacha mpaka viatu vinatupwa kando. Simu zinakusanywa mlangoni. Mwenye kamera lazima awe mwanamke, na akishapiga, picha zile ni amana. Hatoki nazo.

Zikipigwa ukumbini, kadi za kamera zinabebwa na mama mmoja wa ile familia, anakwenda nazo nyumbani. Kesho yake mimi nafika na laptop, nahariri hapo hapo sebuleni, nampa video kwenye flash, halafu nafuta kila kitu yeye akitazama. Maneno yao ni mafupi: isivuke mlango.

Mimi ni Mkristo, lakini nimefanya kazi hii miaka ya kutosha na sijawahi kuvunja hilo. Jina langu lote mjini limesimama hapo.

Sasa turudi kwenye laptop.

Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Video za 4K zilikuwa zinakwenda kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Nikatafuta mpya ya nguvu, nikabaki na mbili mkononi.

Ya kwanza ilikuwa jitu. GPU kubwa ya michezo, ile chipu ya picha, kioo cha inchi kumi na sita chenye resolution ya 4K, rangi zinazong'aa mpaka macho yanashukuru. Chaja yake peke yake ni kama tofali. Betri waliandika "hadi saa kumi", na nyinyi mnajua lile neno "hadi" linavyofanya kazi.

Ya pili nyembamba, nyepesi, graphics za wastani, kioo cha resolution ya chini kidogo, lakini kila aliyeitumia alisema anasahau chaja nyumbani na siku inaisha.

Nikauliza humu. Nakumbuka majibu yenu. "Dada, betri ni ya watu wa kuandika barua pepe." "Render inataka GPU, mengine mapambo." Mmoja akaniambia nikinunua ile nyembamba nitalia. Nadhani wengi wenu mnakaa mahali ambapo stima haikatiki, au mna jenereta mnatuficha.

Nikachukua jitu. Na niseme haki yake, wiki za mwanzo nililipenda. Kazi iliyokuwa ikinichukua asubuhi nzima ililiwa kabla chai haijapoa. Nikajiona nimefika. Ila zote hizo nilizifanya nyumbani kwangu, chaja ikiwa ukutani.

Halafu ikaja harusi ya Nuru, mtaa wa Shela hapa Malindi.

Mama yake Nuru, Bi Zuhura, alikuwa ameanguka bafuni wiki tatu kabla ya harusi, akavunjika nyonga. Alilala kitandani, hageuki bila kusaidiwa. Harusi haikuahirishwa kwa sababu bwana harusi anafanya kazi Muscat na likizo yake ilikuwa inaisha. Kwa hiyo mtoto wa pekee wa Bi Zuhura akapambwa, mama yuko chumbani anasikia habari tu.

Na kesho yake saa nane mchana, gari lilikuwa linakuja kumchukua Nuru kwenda Mombasa, apande ndege na mumewe. Kurudi haikujulikana lini.

Ombi la Bi Zuhura lilikuwa moja: atazame kupamba kwa mwanawe, mwanawe akiwa amekaa ubavuni pake, kabla gari halijafika. Nikaahidi. Nilisema saa saba filamu iko tayari, dakika arobaini, safi, na muziki. Nilivyolisema hilo mtu angedhani GPU nimeitengeneza mimi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa sebuleni kwao. Aliyenisimamia ni Bi Rukia, shangazi yake Nuru, dada wa baba yake, mama mwenye sauti ya chini ambayo hailazimiki kurudia. Alinipa kadi za kamera kutoka kwenye kipochi chake, akaketi mkabala nami na tasbihi.

Kazi ikaenda vizuri sana. Kwa kiburi sikutengeneza hata nakala ndogo za kuhariria, zile nyepesi zisizochosha mashine. Nilikata 4K mbichi, inateleza kama samli.

Saa tano na nusu stima ikakatika.

Sikushtuka. Betri ilikuwa imejaa. Nikaendelea kukata, na mara moja nikaona kitu ambacho hakuna aliyenionya: ile GPU, ukichomoa chaja, inajipunguza yenyewe. Nguvu yote ile ni ya kwenye waya. Kwenye betri picha zikaanza kushtuka vile vile kama kwenye laptop yangu ya zamani, feni inalia, na asilimia zinashuka huku nazitazama. Tisini. Themanini na nne. Kioo cha 4K nacho kinakunywa chake bila huruma.

Nilikuwa na powerbank, ile nene. Nikaichomeka. Laptop ikaniandikia kwamba chaja hii haitoshi, na asilimia zikaendelea kushuka, polepole kidogo tu.

Nikapiga hesabu. Kumalizia kukata, nusu saa. Render, yaani kuitoa filamu nzima iwe faili moja, ambayo kwenye waya ingekuwa dakika kumi na mbili, sasa inasema zaidi ya arobaini. Betri haikufika popote karibu na hapo.

Mkabala na nyumba, ng'ambo ya barabara, kuna duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na jenereta lao lilishaanza kunguruma. Nikampigia mwenye duka, ananijua, akasema njoo hata sasa. Waya wa kuvuta kutoka kwake mpaka kwetu haukufika, tena tuktuk zinapita pale. Basi nikafunga laptop, nikasimama nayo.

"Mwanangu, wenda wapi nayo hiyo?" Bi Rukia akauliza.

Nikamweleza. Nikamwambia ni hapo tu, anaweza kuniona dirishani, nitakaa pembeni nimegeuzia kioo ukutani, hakuna atakayeona kitu. Hata yeye aje tukae pamoja.

"Uliniahidi haivuki mlango."

"Nitaifunika, Bi Rukia."

"Hata ukiifunika gubigubi. Mle ndani mna wake za watu vichwa wazi. Mimi ndiye niliyewaambia wavue."

Nikarudi nikakaa. Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kampuni ya stima, nikawakasirikia nyinyi na ushauri wenu. Lakini kiini cha hasira nilikijua: alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua hivyo hata kabla sijanyanyuka.

Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko la kununua. Nikamalizia kukata, nikaamua kurender hivyo hivyo, kwa kubahatisha. Nilitaka kutoa filamu kama nilivyoahidi, yenye muziki na jina la Nuru kwa maandishi ya dhahabu. Kwa dakika zaidi ya ishirini nikakaa natazama mistari miwili: render inapanda kwa kujikokota, betri inaporomoka. Kila mtu angeona ipi itashinda.

Betri ilipofika thelathini na nane, Nuru akaingia sebuleni. Alishavaa buibui la safari, hina mkononi bado nyeusi. Akauliza kama kuna chochote cha kutazama. Nikaanza kumweleza mambo ya render.

Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Dada, mama hataki sinema. Ataka kuniona mimi."

Wakuu, niliona haya kweli kweli.

Nikasimamisha render. Nikazima ile GPU kubwa kabisa, nikabaki na ile ndogo iliyo ndani ya prosesa. Nikashusha resolution ya kioo kutoka 4K hadi 1080. Nikapunguza mwangaza mpaka pale macho yanapovumilia. Feni ikanyamaza. Makadirio ya betri yakaruka hadi karibu saa nzima. Mashine ile ile, jamani. Ningefanya hivyo stima ilipokatika tu, tungekuwa na muda wa kutupa.

Tukaingia chumbani. Bi Zuhura aliinuliwa kwa mito, Nuru akapanda kitandani akakaa ubavuni pake, laptop ikawekwa kwenye meza ndogo ya dawa mbele yao. Nikacheza video mbichi, bila muziki, bila mpangilio, kamera inatikisika.

Bi Zuhura alikuwa anataja wanawake kwa majina kadiri wanavyopita. Huyu kanenepa, yule kavaa dhahabu ya mkwe wake. Ilipofika sehemu ya Bi Rukia akicheza chakacha, Bi Rukia akaniamuru nipeleke mbele, Bi Zuhura akaniamuru nirudishe nyuma. Nilirudisha nyuma. Alicheka mpaka akaishika nyonga, akaendelea kucheka huku anaumia.

Mara moja akaniambia nisimamishe, aione mikono. Nikavuta karibu mkono wa Nuru, na pale hata kwenye kioo cha 1080 maua ya hina yalionekana moja moja, kwa sababu kamera ilipiga 4K. Akayafuata kwa kidole juu ya kioo. Halafu akaushika mkono wenyewe, uliokuwa hapo pembeni yake, akaulinganisha.

Ilikuwa saa nane kasoro. Kwenye video, Nuru ndiyo kwanza anaketishwa jukwaani, shela inafunuliwa, vigelegele vimeanza. Laptop ikazima. Haikuaga.

Kile kioo changu ni cha kung'aa, na dirisha lilikuwa wazi. Kikawa cheusi, na ndani yake wakabaki wao wawili, mama na mwanawe, wanajitazama. Nilinyoosha mkono nikifunge, Bi Zuhura akanizuia.

Walikaa hivyo mpaka gari lilipopiga honi nje.

Baada ya Nuru kuondoka na vilio kutulia, nikakumbuka shida nyingine. Laptop imekufa, na video zote zimo ndani. Siwezi kunakili, siwezi kufuta. Nikamgeukia Bi Rukia. Nikamkabidhi laptop. Akaizungushia leso mbili, akaifungia kabatini kwenye dhahabu zake, ufunguo akautia kifuani. Chaja nikaondoka nayo mimi, kwa hiyo hata shetani asingeiwasha.

Stima ilirudi jioni hiyo hiyo, lakini alfajiri nilikuwa na kazi ya siku mbili Mnarani. Nikaazima laptop ya rafiki yangu, na angalieni mambo: ilikuwa ndugu wa ile nyembamba niliyoikataa. Render yake ni ya kinyonga. Ila niliitumia kutoka asubuhi hadi saa kumi bila waya, na kasi yake haikubadilika hata kidogo nilipochomoa chaja.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki. Swali la kwanza si "GPU ni kubwa kiasi gani", ni "utakuwa umekaa wapi". Kama meza yako iko karibu na ukuta wenye stima ya uhakika, chukua jitu, utafurahi. Kama kazi yako iko kwenye nyumba za watu, tafuta majaribio yaliyofanywa chaja ikiwa imechomolewa, maana hayo mengine ni habari za mashine nyingine. 4K iache kwenye kamera, huko ndiko inakosaidia. Kwenye kioo cha laptop, inachokula ni kingi kuliko inachoonyesha. Na kama tayari umeshanunua kama mimi, jifunze kuzima hiyo GPU kabla hujahitaji kuizima.

Jitu bado ninalo, lakini haliondoki nyumbani. Kazi za majumbani nafanya na nyembamba. Na wateja wapya waliokuja baada ya hapo hawakuniuliza ubora wa video hata mmoja. Walikuwa wanauliza, wewe ndiye yule aliyeiacha laptop?

Nilirudi Shela siku ya tatu. Nikamaliza filamu, dakika arobaini, muziki, maandishi ya dhahabu. Bi Rukia akapata flash yake, nikafuta vyote akihesabu mafaili kwa kidole. Kabla ya hapo nilimwonyesha Bi Zuhura, chaja ikiwa ukutani, 4K kamili, mwangaza hadi mwisho. Aliitazama yote kimya, akanishukuru, akaniombea dua.

Kisha akaniuliza, "Na ile ya mwisho, mimi na Nuru tumekaa hapa wawili, mbona hukuitia?"

Alimaanisha kile kioo cheusi, ambacho hakikurekodi chochote. Wakuu, mngekuwa nyinyi mngemwambia nini?