Mkongojo wa Rangi za Kisutu

Harufu ya mti unaokerezwa ilitufikia hadi jikoni, imechanganyika na ya mafuta ya nazi, nasi watoto tukajua Ami Juma yuko kazini. Ami, mdogo wake baba, alikuwa fundi wa kukereza miguu ya vitanda hapo kwetu Msambweni, miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Msimu ule nyumba nzima ilishughulika na harusi ya Saumu, binti wa Shangazi Mwanamisi. Na Shangazi, jamani, alikuwa hatoki nje. Aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo akawa anatembea chumbani kwa kushika ukuta. Yeye aliyekuwa akiingia ngomani watu wakampisha! Sasa kwetu mama wa bi harusi huwapokea wakwe mlangoni, tena amesimama. Shangazi akaapa: "Wallahi siendi mbele ya wakwe na fimbo ya kuchungia mbuzi. Wapokeeni nyinyi, mimi nitajifunika chumbani." Kisha akalia, nami nikalia naye, maana Saumu alikuwa mtoto wake wa pekee.

Baada ya siku tatu Ami akaleta mkongojo. Masikini Ami! Mikono yake ilizoea kazi moja tu, basi akautia vifundo na mapete manene kutoka juu hadi chini. Shangazi akautazama, akamtazama na yeye. "Juma ndugu yangu, umeniletea mguu wa kitanda?" Mama alicheka hata akakaa chini. Ami hakucheka, na nilimwonea huruma sana. Lakini hakuondoka. Akavuta kibao, akakaa, akauliza taratibu, "Haya dada, wewe wataka uwe vipi?"

Tangu alipoanguka, watu walikuwa wakimwambia Shangazi la kufanya. Kuulizwa hakuwa ameulizwa. Akafikiri kidogo, akasema autaka mwembamba, wa mpingo, na pale juu uzungushwe rangi za kisutu, ile leso ya harusi, nyekundu na nyeupe. Ami akamwomba mama donge la unga wa maandazi, akamtia Shangazi kiganjani, akamwambia alifinye kama anayejiinua kitini. Kwa alama za vidole vile akachonga mshikio. Urefu Ami aliupima huku Shangazi amevaa viatu vyake vya harusi. Ncha akaifanya pana isizame mchangani, akaivika ngozi ya ng'ombe isiteleze sakafuni. Shangazi akaufanyia mazoezi uani asubuhi na jioni, akitutimua tuliomchungulia.

Wakwe walipofika na vigelegele vyao, walimkuta mlangoni amesimama wima. Mama wa bwana harusi, hata salamu hazijesha, akaushika ule mkongojo. "Bibi wee, huu umeupata wapi?"

"Nimetengenezewa na ndugu yangu," akajibu Shangazi, kidevu juu. Nilifurahi mpaka nikamkanyaga mtu.

Mwaka jana goti langu liliposhindwa, hospitalini nilipewa mkongojo wa chuma, mwepesi, waurefusha kwa kubonyeza. Kijana aliyenipa alikuwa na adabu, akaupima sawasawa na kimo changu, na bila kuniuliza nautaka uwe vipi akamwita mgonjwa mwingine. Ni imara, sikatai. Nimeuegemeza nyuma ya mlango. Jumamosi mjukuu wangu anaolewa Kinondo, na nimewaambia siendi.