Vyumba Kumi Chini ya Miti

Ofisini walimwita Raba, kwa sababu alifuta zaidi kuliko alivyochora. Alikuwa msanifu majengo, mwanamke wa makamo, na tangu utotoni hakujua kutulia. Chai aliinywa amesimama, simu aliipokea akizunguka meza. Mumewe akimwuliza, "Mke wangu, umekalia msumari?" yeye hujibu, "Laiti ningekuwa nimekaa."

Kazi iliyomhangaisha kuliko zote ilikuwa ya kuongeza vyumba kumi na viwili kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba hiyo ilijengwa zamani ubavuni mwa kilima, ikitazama bonde ambalo baadaye lilitangazwa kuwa hifadhi. Huko sheria ilikuwa msumeno kweli: mti haukatwi, mteremko hauchimbwi, na paa jipya lisionekane kutoka barabara ya ng'ambo. Huku ndani wazee wamebanana watatu watatu, na wengine wako kwao wanangoja nafasi.

Tena, mmoja wa wazee waliobanana humo alikuwa shangazi yake Raba, dada wa baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shangazi alikuwa tarishi wa posta, akigawa barua kwa miguu mpaka alipostaafu. Sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja moja, lakini miguu haikuwa imesahau kazi.

Mchoro wa kwanza ulipanda juu, na paa likachungulia juu ya miti. Afisa wa hifadhi, mwanamume mpole mwenye buti za matope, aliutazama, akasema, "Dada, ni mzuri. Lakini hapana."

Wa pili Raba aliulaza chini: korido moja ndefu iliyonyooka, vyumba huku na huku. Moyoni alijua kuwa ungekata mteremko kama kisu kwenye mkate. Hata hivyo alikwenda nao, maana msimamizi wa nyumba, muuguzi wa zamani asiyependa maneno mengi, alikuwa akimpigia simu kila asubuhi.

Alipofika, alimkuta shangazi mwisho wa korido ya zamani, akitikisa kitasa cha mlango uliofungwa.

"Nani kafunga hapa? Watu wananisubiri!"

Mtunzaji alimgeuza taratibu. Shangazi akatembea hadi mwisho wa pili, akakuta ukuta, akarudi, akakishika tena kitasa. Raba alisimama na mchoro kwapani. Korido aliyochora ilikuwa ndefu kuliko hii, nayo iliishia ukutani vilevile.

"Shangazi, twende nje," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa kaka yako."

"Basi vaa viatu vya maana."

Wakatoka. Afisa, aliyekuwa akipima umbali wa miti, akawafuata nyuma. Shangazi hakupanda wala hakushuka. Alishika usawa wa kilima kama mtu aliyezoea kubeba mzigo, akapinda penye mizizi, akazunguka, wakatokea mlango wa jikoni. Hakusimama. Akaanza upya.

Raba alichuchumaa, akageuza mchoro na kuchora upande mtupu wa karatasi, juu ya goti. Jengo la chini lililojipinda kufuata usawa wa kilima, likikumbatia ua katikati, na njia ya ndani inayozunguka, isiyo na mwisho.

Afisa aliinama. "Hapa paa litafichwa na miti," alisema. "Ila hii mizizi usiiguse."

"Nisipoigusa, napoteza vyumba viwili."

"Ndiyo, dada. Viwili."

Msimamizi aliposikia, uso ulimbadilika. "Nimeshaahidi watu kumi na wawili. Hao wawili niwaambie nini? Kwamba mti umewatangulia?"

Raba alirudi ofisini. Wiki nzima alichora na kufuta, akajaribu kubana huku, kupunguza kule, lakini kila chumba alichokiongeza kiligeuka stoo. Mwishowe alipeleka kumi, na kumi vikapitishwa.

Jengo lilipokamilika, shangazi alihamia humo na akazunguka anavyotaka. Kuna siku alimtambua Raba, kuna siku alimpa amri kama mfanyakazi mgeni wa posta. Vyovyote vile, walitembea pamoja.

Katika mzunguko mmojawapo msimamizi aliwakuta. Alimwambia Raba kwamba mmoja wa wale wawili alikuwa amepata kitanda kilichoachwa wazi. "Wa pili amefariki nyumbani kwa mwanawe. Nimeona ni vizuri ujue."

"Asante kwa kuniambia," alisema Raba.

Msimamizi akamshika shangazi mkono wa pili, na wote watatu wakaendelea kutembea.