Kibarua wa Machungwa

Nilipofika darasa la tano nilishushwa kutoka Wundanyi, nikaja kuishi na baba Voi, katika chumba chake kimoja mtaani Kaloleni. Mama alibaki juu milimani na wadogo zangu na nyanya yetu, wakilitunza shamba. Watu walisema nimepata bahati, nitasoma shule ya mjini. Mimi bahati yenyewe sikuiona. Niliona joto, vumbi jekundu, na mwanamume niliyezoea kumwona mwisho wa mwezi tu.

Baba alifanya kazi stesheni ya gari la moshi. Hakuwa mkali, alikuwa bubu wa kujitakia. Alirudi saa kumi na moja, akaoga, akasonga ugali, tukala, na kati ya "karibu chakula" na "lala salama" hapakuwa na neno. Kuna siku nilimkasirikia hata nikaacha mboga makusudi ili aniulize kwa nini. Hakuuliza. Akazimaliza yeye.

Basi shangazi yangu, aliyekuwa akifua nguo katika hoteli moja Mombasa, akaniletea gemu aliyoachiwa na mgeni. Kilikuwa kidude cha kutosha kiganjani, na ndani ya kioo chake mtu mdogo mwenye kapu alikimbia huku na huku akidaka machungwa yanayoanguka mtini. Yakimponyoka matatu, mchezo umekwisha. Maskini akipata matako hulia mbwata, na mimi nililia mbwata kwa kujivuna Kaloleni nzima.

Jioni ya kwanza baba alikitazama kwa pembe ya jicho. Ya pili akavuta kigoda.

"Huyu kibarua wako analipwa?" akauliza.

Nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Tangu siku hiyo tukawa watatu nyumbani.

"Kibarua ako aje leo?"

"Ako sawa, baba. Amechoka tu."

"Mwalimu wa hesabu amemsumbua?"

"Amemchapa mbili."

"Pole yake. Mwambie ajikaze."

Hivyo ndivyo baba alivyojua habari zangu. Jioni zile nazikumbuka kama usingizi wa mchana: mwanga wa manjano ukitambaa sakafuni, ti-ti-ti ya machungwa, harufu ya sabuni shingoni mwa baba, na milima yetu kule mbali imegeuka samawati, haina uzito, kana kwamba ingeweza kuondoka tukiacha kuitazama. Tulicheza kwa zamu. Kidole chake kilikuwa kinene, kikibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kibarua akawa hajui aende wapi.

Kisha kibarua akaanza kufifia. Betri zake zilikuwa ndogo kama vifungo vya shati, na wenye maduka wa Voi walizitazama wakacheka, kwani hawakuwa nazo. Lakini mimi dawa niliijua. Kwetu, mawe ya redio, zile betri kubwa, yakichoka tuliyaanika juani, nayo yakapata nguvu za siku mbili tatu. Jumamosi, baba akiwa kazini, nikakianika kidude kizima juu ya bati, tangu asubuhi hadi saa tisa. Jua la Voi halina mzaha.

Nilipokishusha kilikuwa kikichoma kama kifuniko cha sufuria, na kioo chote kimekuwa cheusi. Nikakipepea. Nikakifunga kwa kitambaa cha maji, kama mtoto mwenye homa. Wapi! Nililia sana, na si kwa ajili ya mchezo. Nililia kwa sababu baba angerudi, na sasa angeniuliza habari zangu vipi?

Akarudi saa ile ile.

"Kibarua ako aje?"

Nikampa kile kidude. Akakigeuza, akabonyeza, akakitegea sikio.

"Nilimwanika," nikasema. "Kama mawe ya redio."

Nilidhani atacheka, au atagomba. Akakiweka mezani polepole, akaketi kitandani kando yangu, akasugua magoti yake kwa muda mrefu. Nje mtu aliita mbuzi wake. Nilikuwa na hakika tumerudi kwenye kimya chetu.

"Na wewe," akasema hatimaye, "wewe mwenyewe uko aje?"

Nilifungua mdomo niseme niko sawa.

"Namtaka mama."

Baba akatazama dirishani, upande wa milima.

"Hata mimi," akasema.