Seng'enge ya Baba Brenda

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu, wala si ile ya kumzika mume wangu. Ni asubuhi moja ya kiangazi hapa Kitengela, nimejifunga leso juu ya nguo ya kulalia, miguuni nina gambuti, ninampigia kelele mwanamke mzee aliyepakata kichwa cha ng'ombe. Nakusimulia kwa sababu ya yale uliyoniambia juzi kwa simu. Ulisema tangu wakupunguze pale kiwandani hulali, na kwamba bila ile kazi wewe si mtu. Nilitaka kukujibu palepale lakini kredo ikaniishia katikati ya sentensi, si unajua simu yangu ilivyo na roho mbaya. Sasa tulia, mama yako mkubwa akuambie polepole.

Tulihamia huku mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na Baba Brenda. Yeye alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, mimi nikifundisha Kiswahili shule ya msingi. Siku hizo ukisimama mlangoni unaona nyika mpaka macho yachoke, na nyumbu wanapita bila haraka kama watu wanaotoka kanisani. Lakini sisi ni watu wa Maragoli, na unatujua. Kwetu shamba ni finyu mpaka mtoto anaonyeshwa mpaka kabla hajaonyeshwa shangazi zake, na ndugu wa tumbo moja wanapelekana kwa chifu kwa ajili ya mgomba ulioinamia upande wa pili. Basi tulipopata ile ploti ya ekari mbili, hatukuanza na nyumba. Tulianza na ua. Baba Brenda alichimba mashimo ya vigingi kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akavuta seng'enge nyuzi tano, na kila uzi akiumaliza aliugonga kwa kidole ausikie unavyolia. Majirani zetu Wamaasai walisimama na fimbo zao, wakatuangalia, wakacheka kidogo, wakaenda zao.

Jirani wa karibu kabisa alikuwa mjane mmoja tuliyemwita Koko Nashipae. Koko ni nyanya kwa Kimaa. Alikuwa mwembamba, kichwa amekinyoa, shanga tele shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani. Ng'ombe wake walikuwa wakipita katikati ya ploti yetu kwenda kwenye maji, tangu zamani kabla hata ya kuitwa ploti. Tulipofunga, alizunguka. Hakutusema. Badala yake kila Jumapili alituletea maziwa kwenye kibuyu, yale maziwa ya kunukia moshi. Mimi nilikuwa nayamwaga nyuma ya nyumba mpaka Baba Brenda aliponishika akanilazimisha kuonja, na tangu siku hiyo nikawa ndiye wa kwanza kuuliza kama Koko ameshapita.

Ule mwaka wa mvua kubwa, Baba Brenda akaugua, na haikuchukua mwezi. Tulimzika kwao. Siku ya tatu baada ya mazishi nikakuta shemeji zangu wamebadilisha kufuli ya nyumba tuliyoijenga kule. Nikarudi Kitengela na Brenda, sanduku moja, na plaisi yake, ile koleo aliyokatia waya.

Hapo ndipo nilipoharibika, mwanangu, na sitakuficha. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilizunguka ua nikigusa kigingi kimoja kimoja. Mbuzi akisogea, namtupia jiwe. Mtoto wa mtu akiegemea waya, namgombeza mpaka alie. Nilijiambia ninalinda kumbukumbu ya mume wangu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Usingizi ukanihama, tumbo likawa linaniwaka, daktari akasema ni vidonda. Brenda akaanza kuongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Darasa la sita wakanibatiza Mwalimu Seng'enge, wakidhani sijui.

Halafu mvua ikakataa kabisa. Nje ya ua wangu ule udongo mweusi ulipasuka mpaka mguu wa ndama unaingia. Ndani ya ua nyasi zilikuwa zimekauka zikisimama, zinafika gotini, kwa maana hakuna mdomo uliozigusa. Na mimi sikuwa na ng'ombe, sikuwa na mbuzi, sikuwa hata na sungura. Koko alikuja siku moja akasimama nje ya waya.

"Mwalimu, hiyo nyasi wewe unakula?"

"Ni yangu," nikamjibu. Eti ni yangu! Akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake, na Jumapili hiyo bado akaleta maziwa, nusu kibuyu.

Sasa ile asubuhi. Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia, nikatoka mbio. Alikuwa Nanyokie, ng'ombe mwekundu wa Koko, huyohuyo tuliyekuwa tukinywa maziwa yake. Alikuwa ameingiza shingo katikati ya nyuzi afikie nyasi, akashtuka, akaanguka, waya ukamfunga kifuani na mguu wa mbele. Kila akijitikisa miba inaingia zaidi. Damu ilikuwa inatoka na udongo unainywa. Lemayian, mtoto mkubwa wa Koko, alikuwa ameinua panga akate kigingi ili waya ulegee.

Na mimi nikapiga kelele, "Usikate! Usiguse hicho kigingi, ni cha mume wangu!"

Lemayian aliniangalia, panga liko juu. "Mwalimu, uko na wazimu?"

Nikwambie ukweli, nilikuwa nao. Mnyama anakufa mbele yangu na mimi nahesabu vigingi.

Koko akamwambia mwanawe kitu kwa Kimaa, naye akashusha panga. Kisha yule mama akaketi chini kwenye vumbi, akakiweka kichwa cha Nanyokie juu ya mapaja yake, akawa anamwimbia kwa sauti ya puani. Mimi bado napayuka. Akainua macho.

"Masikio yangu ni mzee. Kuja karibu, upige kelele hapa."

Sijui ni nini kilinikalisha, labda aibu. Nikaketi. Akanishika mkono, mkono wake mkavu kama gome, akauweka shingoni mwa ng'ombe. "Nyamaza kidogo," akasema. Nikanyamaza. Chini ya kiganja changu moyo ulikuwa unapiga, du-du, du-du.

"Hiyo inapiga ni ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Kweli?"

Nikasikiliza tena. Mwanangu, sikujua. Wangu ulikuwa unapiga kwenye vidole, wake unapiga kwenye vidole, na hakukuwa na mahali ambapo mmoja ulikwisha na mwingine ukaanza. Koko akaniuliza, "Na hii waya, iko katikati ya nini na nini?" Nilitaka kusema iko katikati ya changu na chako. Upepo ulikuwa unapita huku na kule kana kwamba ua haupo. Kwa muda mfupi hivi, labda wa kumeza mate mara mbili, hakukuwa na Mwalimu, hakukuwa na mjane, hakukuwa na ploti. Kulikuwa na lile pigo, joto la ngozi, harufu ya vumbi na maziwa, na vyote ni kitu kimoja, wala mimi sikuwa pembeni nikikitazama.

Ndipo nikalia, kilio ambacho matangani kilikataa kutoka. Nikamwambia Koko hii seng'enge ndicho kitu pekee alichoniachia mume wangu. Nilitegemea aniambie pole. Hakusema pole.

"Mume yako hayuko kwa waya," akasema. "Angekuwa kwa waya, angekuwa ameachilia ng'ombe kitambo."

Basi nikasimama. Nikaingia ndani, nikachukua plaisi, nikarudi nikakata, uzi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, na kila mmoja ulilia kama alivyokuwa akiusikiliza Baba Brenda. Nanyokie akalala hapo kidogo akihema. Akainuka akichechemea, damu inamchirizika, na unajua kitu cha kwanza alichofanya? Aliingia kwenye ploti yangu akaanza kula nyasi! Lemayian akacheka, Koko akacheka mapengo yote nje, na mimi nikacheka na makamasi yangu usoni. Nanyokie alipona, ila kovu la kifuani halikumtoka.

Sikuziba lile pengo. Ng'ombe wakaanza kupita njia yao ya zamani, Brenda akaanza tena kuongea kwa sauti, na ya kuudhi pia. Lakini usidhani nilitakasika. Wiki iliyofuata uchungu ulinirudia nikiwa nasahihisha madaftari, nikaenda kumlalamikia Koko kwamba ile kitu imerudi.

"Si nyumbu pia hurudi?" akasema. "Ilikaa ama ilipita?"

"Ilipita."

"Basi."

Koko alishatangulia, na kwa miaka yote niliyosahihisha insha, katika maneno yake sijaona pa kutia kalamu nyekundu. Kitengela nayo imejaa kuta za mawe, nyumbu hawapiti tena. Mimi ni mtu wa kanisa, hilo hujalisahau. Mchungaji wetu ile hali ya asubuhi ile anaiita amani ya Mungu, Koko alikuwa akiinua macho na kusema Enkai, Mungu kwa Kimaa. Mimi sigombanii jina.

Sasa sikiliza, mwanangu mpenzi. Kazi uliyopoteza ilikuwa kazi nzuri, na ninajua inauma. Tafuta nyingine, sikuambii ukae tu. Lakini usizungushe waya pale palipobaki jina la ile kazi ukaanza kulilinda, kama nilivyolinda nyasi nisizozila. Hofu ikija, usiifukuze kwa mawe wala usiifungie ndani. Keti, weka mkono kifuani, sikiliza kile kinachopiga, ujiulize kwa upole ni nani huyu anayeogopa. Mtafute kweli. Utaona pumzi inaingia na kutoka bila kumuuliza meneja wako ruhusa, na utaona kwamba aliyekuwa hapo kabla ya kazi, na wakati wa kazi, na sasa, hajapunguzwa na mtu. Kuachilia si kutupa. Mume wangu sikumtupa, nilimkuta kila mahali nilipoacha kumshikilia mahali pamoja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, basi acha livuje kidogo, upumzishe shingo.

Na Jumamosi uje. Usihangaike kutafuta lango, pita palepale penye pengo, plaisi ya baba yako mkubwa nimeitundika kwenye kigingi cha kando ili upajue. Mungu akupe usingizi mtamu na moyo usio na ua. Akujaze upole, akurudishie kicheko chako kile cha kuamsha majirani, na popote utakapokaa ukae kama mtu aliye kwake. Nami nikisema hivyo, wewe itikia amina ya Kimaa, kama tunavyoitikia huku: Naai.